Aliyezama na Aliyepigwa na Radi: Tufanye Nini Moyo Unaposimama

Mtu akitolewa ziwani bila pumzi, au akianguka ghafula katikati ya ibada, kuna dakika chache ambazo hakuna mganga wa hospitali anayeweza kuzitumia kwa niaba yetu. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Hata kwetu Kimanga, tulio ndani ya mji wa Uvira, kumtoa mtu ufukoni, kumfikisha barabarani, kutafuta pikipiki na kupokelewa hospitalini huchukua muda kupita huo. Kwa ndugu zetu wa Makobola na Swima njia ni ndefu zaidi, na mvua ikinyesha hatusemi.

Kwa hiyo, wapendwa, dakika hizo ni za yule aliye karibu: mvuvi, mama anayeanika ndagala, mwimbaji wa kwaya, shemasi, mchungaji. Ninaandika hapa kazi inayofanyika katika dakika hizo, kama inavyofundishwa na waganga na Msalaba Mwekundu, pamoja na mambo yetu sisi watu wa kanisa yanayoweza kuisaidia au kuizuia.

Neno lenyewe

Watu wengi huita kazi hii kufufua, na vitabu vingine vya afya huandika hivyo. Mimi mchungaji silipendi sana neno hilo hapa, na si kwa sababu ya kubishana. Mtu akisikia kufufua, anafikiri juu ya Lazaro na siku nne kaburini, kisha anasema hiyo si kazi yangu, mimi ni nani. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Mtu ambaye moyo wake umesimama sasa hivi bado ana damu mwilini, na katika damu hiyo bado kuna hewa kidogo. Ukikandamiza kifua, mikono yako inafanya kazi ya moyo: inasukuma damu hiyo mpaka kwenye ubongo. Ukimpulizia pumzi, unaongeza hewa ndani ya damu. Hatumrudishi mtu kutoka kwa wafu. Tunamshikilia asiende mbali, mpaka moyo wake uanze tena au mpaka wenye dawa na vyombo wafike.

Tena tuwe wakweli tangu mwanzo: wengi hawarudi. Hata katika nchi zenye magari ya wagonjwa kila kona, kati ya watu kumi ambao moyo wao umesimama nje ya hospitali, ni kama mmoja tu anayetoka hospitalini akiwa hai. Lakini mtu wa karibu akianza kukandamiza mara moja, nafasi ya kupona inaweza kuwa mara mbili, hata mara tatu. Na kuna kundi moja lenye tumaini kubwa kuliko mengine. Hilo ndilo tunalokutana nalo zaidi huku ziwani.

Kwa nini kwetu pumzi inatangulia

Katika mafundisho mengi ya Ulaya na Marekani, mfano wa kwanza ni mzee anayeanguka kwa ugonjwa wa moyo. Huyo moyo wake ulikosa mpango ghafula, lakini damu yake bado ina hewa ya kutosha. Kwake kukandamiza kifua ndiko kunakotangulia, na anahitaji pia mashine ya kushtua moyo kwa umeme, mashine ambayo kwenye ufuko wetu usiitegemee.

Aliyezama ni tofauti. Moyo wake haukuwa mgonjwa. Alikosa hewa kwanza, kisha moyo ukachoka kwa kukosa hewa hiyo. Mara nyingi anapotolewa majini amekwisha kuacha kupumua, lakini moyo bado unapiga kidogo kidogo. Mtu huyo akipata pumzi chache za haraka anaweza kukohoa na kuanza kuhema hata kabla hujaanza kukandamiza. Asipozipata, moyo nao unasimama, na kazi inakuwa ngumu mara kumi. Ndiyo maana kwa aliyezama pumzi inakuja kwanza. Mtu aliyefundishwa kukandamiza tu, bila kupuliza, amefundishwa vema kwa ajili ya mzee aliyeanguka sokoni, lakini si kwa ajili ya mtoto aliyetolewa Tanganyika.

Na ziwa letu halitupi muda wa ziada. Pengine mmesikia habari za watu waliokaa chini ya barafu muda mrefu wakapona. Baridi kali ililinda ubongo wao. Maji ya juu ya Tanganyika ni ya vuguvugu, nyuzi 25 hivi. Hayalindi ubongo wa mtu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko mahali pengine. Sisi hatuhitaji hesabu hizo ili tuamini. Desemba 2014 meli Mutambala ilipinduka katika ziwa hili hili, upande wa Kalemie, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku na kubeba nyumba na watu hapa Uvira. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kwa macho kutoka nchi kavu. Mahali kama hapo, maiti na mtu anayeweza kupona huletwa ufukoni wakilala sawasawa, wote wamelegea, wote wana rangi moja. Anayejua la kufanya ndiye atakayewatofautisha.

Kazi yenyewe

Usalama wako kwanza. Aliyezama huwa anashika chochote kinachofika karibu, na waokoaji wengi wamekufa pamoja na waliotaka kuwaokoa. Mtupie kamba, kasia, au bidoni tupu lililofungwa vizuri. Bidoni la manjano la lita 20 linamwelesha mtu mzima. Kuogelea kumfuata ni njia ya mwisho, na ni kwa anayejua.

Akishafika nchi kavu, mlaze chali mahali pagumu. Mchanga laini unameza nguvu za mikono yako, kwa hiyo mvute hatua chache mpaka kwenye udongo ulioshikana. Mshike mabega, mtikise, mwite kwa sauti: “Mama! Mama, unanisikia?” Kama hajibu, weka kiganja kimoja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, uinamishe kichwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke. Sogeza shavu lako karibu na kinywa chake, macho yako yakitazama kifua. Usipite sekunde kumi.

Hapa wengi wanadanganyika. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kufungua na kufunga kinywa, akihema mara moja moja kama samaki aliyetupwa kwenye mtumbwi. Watu husema, “Anapumua, mwacheni apumzike.” Huko si kupumua. Ukiona kuhema kwa namna hiyo, au ukiwa na shaka, anza kazi.

Wakati huohuo tuma mtu, na umtaje. Ukisema “mtu aite gari”, kila mmoja atamtazama jirani yake. Sema: “Papa Shemasi, tafuta gari. Wewe kijana wa shati jekundu, kimbia kwa muuguzi.” Ninasema gari, kwa sababu kwenye pikipiki hakuna anayeweza kukandamiza kifua. Nimeona mara nyingi tunavyofanya: mtu asiyepumua anabanwa katikati ya wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining’inia, na tunaita hiyo haraka. Ni haraka ya kufika na maiti. Fanyeni kazi palepale mlipo. Safari ni kwa yule aliyeanza kupumua, au kwa gari ambalo ndani yake kazi inaweza kuendelea.

Sasa pumzi. Kichwa kikiwa kimeinama nyuma, bana pua yake, funika kinywa chake chote kwa chako, upulize polepole kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinainuka. Ukiona hakiinuki, panga kichwa upya. Kwa mtoto mchanga funika kinywa na pua pamoja, na upulize kwa hewa ya mashavuni tu. Walimu wa Ulaya wanasema pumzi tano za kuanzia kwa aliyezama, wa Marekani wanasema mbili. Tusigombane juu ya hilo. Kila moja ni bora kuliko kutopuliza.

Asipoanza kupumua wala kujitikisa, kandamiza. Piga magoti kando ya kifua chake. Weka kisigino cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kati, na kiganja cha pili juu yake. Nyoosha mikono, viwiko visikunjike, ukandamize kwa uzito wa mwili wako. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimeta tano, kisipite sita. Kwa mtoto ni theluthi moja ya unene wa kifua, kwa mkono mmoja. Kwa mchanga ni kwa vidole gumba viwili, mikono ikizunguka kifua. Kila ukikandamiza, achia kifua kipande chote bila kuondoa mikono, kwa sababu hapo ndipo moyo unapojaa damu tena. Mwenye huruma hukandamiza kidogo mno akiogopa kuvunja mbavu. Mbavu zinaweza kuvunjika kweli, na mbavu hupona.

Mara 30 za kukandamiza, pumzi mbili, tena 30, tena mbili. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kwa sekunde moja, mwendo wa wimbo wa kwaya wa kuchangamka, si wa kuomboleza. Kuhesabu nako kuna shida yake: ukisema “ishirini na saba, ishirini na nane” ulimi unachelewesha mikono. Hesabu moja hadi kumi mara tatu, au hesabu kwa Kifaransa kama wengi wetu tunavyofanya sokoni. Thelathini zikichukua sekunde 15 hadi 18, mwendo ni mzuri. Katika pumzi mbili usikawie zaidi ya sekunde kumi kabla ya kurudi kifuani.

Kazi hii inachosha kuliko kulima. Baada ya dakika mbili, yaani duru tano hivi, mikono inalegea na mwenyewe hujui. Mpe mwingine, na mbadilishane bila kuacha pengo.

Aliyezama hutoa povu puani na kinywani, wakati mwingine jingi sana. Usipoteze muda kulifuta, endelea kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha kinywa kwa vidole, mrudishe, uendelee. Mama mwenye mimba kubwa anakandamizwa mahali palepale kifuani, na mtu wa pili asukume tumbo lake kwa mikono kuelekea upande wa kushoto, ili mtoto asibane mishipa ya damu ya mgongoni.

Akianza kupumua vizuri, mlaze ubavu, kichwa kikiinama nyuma kidogo, mfunike nguo kavu, na msimwache peke yake. Hata akisema amepona, akifika na kuanza kucheka na watu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia katika mapafu yanaweza kumbana tena saa chache baadaye.

Tunayofanya tangu zamani

Kumning’iniza aliyezama kichwa chini, kumzungusha, kumkanyaga tumbo ili maji yatoke: haya nimeyaona, nanyi mmeyaona. Hayasaidii. Maji yaliyo tumboni hayazuii kupumua, na yale machache yaliyo katika mapafu hayatoki kwa kuning’inizwa. Kukandamiza tumbo huleta matapishi kooni, nayo yanaingia katika mapafu. Na muda wote huo ubongo unangoja.

Wala tusione haya kana kwamba ni ujinga wa Waafrika. Wazungu nao waliwaviringisha waliozama juu ya mapipa. Mwaka 1767 watu wa Amsterdam walianzisha chama cha kuokoa waliozama, kwa sababu mji wao umejaa mifereji. Mwaka 1774 London ikafuata. Mmoja wa waanzilishi wake wawili, Thomas Cogan, alikuwa mganga aliyewahi kuwa mchungaji. Walijua kupuliza pumzi kinywani, na hilo lilikuwa jema. Lakini pia walipuliza moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa, wakiamini unaamsha uhai. Kukandamiza kifua kwa namna tunayoijua leo kulitangazwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore, Marekani. Kwa hiyo hata huko ni elimu ya juzi tu.

Kuna lingine tulilo nalo huku ziwani, la kusema kwamba mtu amechukuliwa na mamba muntu, kwamba asiguswe kwanza mpaka wazee wafanye yao. Mwamini anayekubali hilo kwa kunyamaza, hata kama yeye haliamini, amekubali dakika zipotee.

Radi

Radi ina hofu kubwa kuliko maji. Hapa Kivu inajulikana kama silaha ya wachawi. Akipigwa mtu, swali la kwanza ni nani aliyeituma. Uchunguzi uliofanywa kwa satelaiti na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu moja ya Kabare, mashariki mwa Kongo yetu, hupata mimweko ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka, ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo kule Venezuela. Milima, maziwa na hewa yenye unyevu ndivyo vinavyoipika. Radi ingekuwa nyingi hapa hata kama hakungekuwa na mchawi hata mmoja.

Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme ndani. Unaweza kumgusa mara moja, bila hatari yoyote. Hatari iliyobaki ni radi ya pili kutoka wingu lilelile, kwa hiyo kama mko wazi juu ya kilima au kwenye mtumbwi, msogezeni kwanza. Waya wa umeme ni jambo jingine kabisa: huyo usimguse mpaka umeme umekatwa.

Halafu kuna jambo ambalo kila mchungaji wa vijijini angepaswa kulijua. Radi inapopita mwilini, inasimamisha moyo na pumzi pamoja. Moyo mara nyingi huanza tena wenyewe. Pumzi inachelewa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoiongoza imepigwa bumbuazi. Kama hakuna anayempulizia, moyo ulioanza unakosa hewa na kusimama mara ya pili, na safari hii hauanzi tena. Kwa hiyo radi ikipiga watu kadhaa, kama inavyotokea katika shamba au chini ya paa la kanisa, kanuni ya kawaida inageuzwa. Wanaolia na kuugua wana uhai, watangoja kidogo. Wakimbilieni wanaoonekana wamekufa.

Kanuni hii ni ngumu kwa watu wetu, kwa sababu mkono unataka kwenda kwa anayelia, na aliyenyamaza amekwisha kufunikwa kitenge.

Maombi na mikono

Sasa niseme la nyumbani kwetu. Mtu akianguka, wa kwanza kuitwa huwa mchungaji. Ninakuta duara la watu, wamama wameanza wimbo, mmoja anakemea mauti kwa sauti kubwa, na katikati amelala mtu ambaye hakuna anayemgusa. Sina neno juu ya maombi. Ndiyo kazi yangu. Lakini maombi hayahitaji mikono ya watu ishirini. Anayekandamiza kifua anaweza kuomba moyoni, na kwa jinsi ninavyofahamu, ataomba kwa bidii kuliko sote. Waliobaki wapanue duara ili hewa ipite, wazuie watoto, wahesabu kwa sauti pamoja naye, wapange nani atampokea. Hiyo nayo ni huduma.

Ndugu wengine wananiuliza kama kukandamiza kifua si kukosa imani. Someni 2 Wafalme 4, habari za mtoto wa mama Mshunami. Elisha alifunga mlango akaomba, na katika chumba kilekile akajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, akatembea, akarudi tena. Sifundishi kwamba nabii alikuwa anafanya huduma ya kwanza. Ile ilikuwa ishara ya Mungu, na mtoto alikuwa amekufa tangu mchana. Ninachosema ni kwamba Maandiko hayakuona aibu kuweka maombi na mwili mahali pamoja. Someni pia Matendo 20. Eutiko alipoanguka kutoka dirishani, Paulo aliacha mahubiri, akashuka chini mwenyewe. Sisi mtu akianguka kanisani tunawapungia mashemasi wamtoe nje, kisha tunaendelea na neno la tatu.

Na pale kazi inaposhindikana, mchungaji ndiye wa kusema sasa inatosha. Unaacha ukiona anapumua, au wenye ujuzi wamepokea, au mahali pamekuwa hatari, au nyote mmechoka hamuwezi tena. Kumwambia mama kwamba mtoto wake angepona kama imani ingekuwa kubwa ni kumwua mara ya pili. Nakataza jambo hilo katika parokia yetu waziwazi. Nakataza pia kumtafuta mchawi kwenye matanga.

Hofu ya magonjwa

Hofu hii si ya kudharauliwa. Uvira inaishi na kipindupindu miaka na miaka, mwaka 2024 mpox iliingia nyumba nyingi, na kumbukumbu ya Ebola katika Kivu bado iko karibu. Kitambaa chembamba kinywani kinatia moyo kuliko kinavyozuia vijidudu. Kipo kifaa kidogo cha kupulizia chenye kizuizi, cha mfukoni. Kanisa linaweza kununua kimoja na kukiweka pamoja na vyombo vya ubatizo. Kama kifaa hakipo na mtu humfahamu, au ana vipele mwilini, kandamiza kifua tu bila kupuliza. Ni pungufu kwa aliyezama, lakini si bure. Kwa mtoto wako, mke wako, mtu wa nyumba yako, najua hutaniuliza.

Kujizoeza

Usijizoeze kukandamiza kwenye kifua cha mtu mzima wa afya, unaweza kumdhuru. Jaza gunia nguo kuukuu, weka ndani chupa ya plastiki tupu ya lita moja na nusu iliyofungwa, mahali pa kifua. Inakandamizika na kurudi karibu kama kifua cha mtu. Vijana wa kwaya wakiifanya kwa zamu, dakika mbili mbili, baada ya mazoezi ya Jumamosi, baada ya wiki nne mikono yao itajua. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na muuguzi wa kituo cha afya kilicho jirani akiombwa kwa heshima mara nyingi atakubali kuja kusahihisha.

Mahali pa kuanzia ni siku ya ubatizo. Tunapeleka ziwani mamia ya watu, wengi wakiwa wamevaa nguo ndefu, watoto wakicheza kandokando wakati macho yote yanatazama wanaobatizwa. Kabla ya wimbo wa kwanza, wawekwe watu wanne ambao hawataimbi wala hawatashika Biblia: wawili wanaojua kuogelea, wenye kamba na bidoni, na wawili wanaojua kupuliza na kukandamiza. Wakae pande mbili za kundi, migongo yao kwetu, nyuso zao majini, mpaka mtoto wa mwisho amepanda barabarani.